Ndoo ya Kunusia Nyumba

Kabla hujanunua hata msumari, inama unuse. Nawaambia nyie vijana mnaoshika mwiko leo, mnaosimamisha nyumba upesi kama mnafukuzwa, halafu mnapiga picha ya simu mbele yake. Najua mnanicheka. Shule mie niliachia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nusu yake nilikuwa kwenye mtumbwi. Lakini hapa Kibiti, ukitoka stendi mpaka kule wanakoanika korosho, nyumba nyingi unazoziona zimepita mikononi mwangu, na hakuna hata moja iliyomwangukia mtu. Sasa sijengi tena. Goti la kulia limekataa ngazi. Nimebaki na mdomo na pua, na habari ya pua ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Zamani zetu pua haikuwa chombo cha kazi. Chombo kilikuwa timazi, pimamaji, mwiko na kamba. Rangi ikinuka, tulisema nyumba ni mpya. Mbao ikinuka oili chafu ya gari, tulisema mchwa hawataigusa. Mwenye nyumba akiingia siku ya kwanza akapiga chafya, tulimpa pole na hongera kwa pamoja. Nimepaka vanishi ndani ya vyumba vilivyofungwa madirisha, nikatoka nayumba, na wenzangu wananiuliza, "Fundi, leo umekunywa tembo la nani?" Tukacheka, tukarudi ndani kupaka koti la pili.

Aliyenifundisha kunusa ni binti yangu Somoe.

Somoe alikuwa mwanamke wa kupura mpunga kutwa na jioni akacheza ngoma. Akapata kibarua cha kupuliza dawa kwenye mikorosho ya watu, mashine mgongoni, kipande cha kanga puani. Msimu wa pili kifua kikambana. Akaacha kibarua, kifua hakikumwacha yeye. Tangu hapo harufu ambazo mimi na wewe tunapita nazo, yeye zinamwangusha. Rangi mbichi, gundi ya mbao, zulia la plastiki, godoro jipya, dawa ya mbu. Koo linaziba, macho yanavimba, kichwa kinamgonga mpaka anatapika. Hospitali walimpa dawa ya kuvuta, wakamwambia akae mbali na vitu vinavyomdhuru. Walisema kweli. Ila akae wapi?

Yeye na mumewe, Shabani, walipanga chumba nyuma ya soko. Mwenye nyumba, kwa wema wake, akawapakia rangi kabla hawajahamia. Hawakumaliza kufungua mizigo. Shabani alimtoa nje amembeba, miguu inaning'inia. Mtaani wakasema huyu ana pepo, ndiyo maana hapatani na harufu. Dada yangu, shangazi yake wa Nyamwage, akapanda basi na udi na ubani ili mgonjwa afukizwe. Somoe akamwambia kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Shangazi, kama nina pepo basi mwonee huruma naye, maana hata yeye humu hapumui." Tulicheka sana. Kisha ikabidi tumtoe nje tena, kwa sababu chetezo kilikuwa kimeshawashwa.

Siku hiyo ndipo Shabani aliponijia. Ni mpole, muuza samaki wakavu, hana maneno mengi. Akasema, "Baba, wewe ni fundi. Tujengee nyumba ambayo mwanao ataweza kuvuta pumzi."

Nikamjibu, "Hilo tu?"

Hilo tu. Mdomo wa fundi huo.

Nilimchukua Somoe mpaka duka la vifaa la Bwana Karimu, Mhindi ambaye babu yake aliuza misumari kwa babu za watu hapa. Somoe alisimama ng'ambo ya barabara chini ya turubai la muuza machungwa, mimi nikawa nachukua kitu dukani, namvushia barabara, ananusa, anatikisa kichwa, nakirudisha. Kopo, ubao, bati, gundi. Bwana Karimu akavumilia, akavumilia, mwishowe akavua miwani.

"Fundi, mimi nauza rangi. Manukato yako duka la tatu."

"Nifungulie na hiyo ya maji."

"Ukinunua nakufungulia. Usiponunua, tutakuwa tunafungua makopo mpaka Idi."

Alinifungulia lakini, maana alimjua Somoe tangu anatumwa chumvi. Ile iliyoandikwa haina harufu ndiyo iliyomkohoza kuliko zote. Andikeni hilo kichwani. Maandishi ya kopo hayana pua.

Tatizo la kunusia dukani ni kwamba kila kitu kinanuka duka zima. Somoe mwenyewe ndiye aliyesema, "Baba, kila kitu kikae peke yake." Tukatafuta ndoo ya bati ya zamani yenye mfuniko. Ya plastiki haifai, ina harufu yake. Tukaiosha kwa majivu. Sabuni hapana, sabuni za siku hizi zote zina maua. Unaweka kipande kimoja cha kitu unachotaka kujengea, unafunika, unaiacha juani mpaka bati liive. Joto ndilo linalotoa siri ya kitu. Ubao unaoonekana mtakatifu asubuhi, ukiupika ndani ya ndoo utajua ulikotoka. Kisha unafunua kidogo, unapunga hewa kwa kiganja kuelekea puani. Usitumbukize uso. Na kama ni rangi, ipake kwenye jiwe, iache ikauke kwanza, kwa sababu mtu haishi na kopo, anaishi na ukuta. Somoe akishindwa na kitu, siku hiyo hatujaribu kingine. Pua iliyoumia haina hukumu.

Kwa ndoo hiyo nilijifunza upya kazi niliyoifanya tangu ujana. Plaiwudi ilianguka, gundi yake inaendelea kupumua muda mrefu. Mbao za kutiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, zilimlaza kitandani. Siling bodi ilianguka pia. Saruji ikikauka vizuri haina neno. Bati la kawaida lina mafuta ya kiwandani, lakini ukilisugua kwa majivu na maji moto ukalianika, linafaa. Mlango nilinunua wa mninga, wa zamani, kutoka nyumba iliyobomolewa, ambao kwa miaka yake yote ulikuwa umeshatoa pumzi uliyokuwa nayo. Nikaurandia mbali kabisa na nyumba, upande unakokwenda upepo, maana vumbi la mninga linabana kifua hata cha mtu mzima wa afya. Badala ya vanishi nikaupaka nta ya nyuki. Mngeuona! Ulimeta kama kichwa cha bwana harusi.

Kilichobaki ni mchwa. Hapo mafundi wote walinigeuka. "Mzee, bila dawa ya mchwa utakuwa umejenga chakula." Na ni kweli, udongo wa Kibiti unaujua mwenyewe. Lakini dawa ikimwagwa msingini, inakaa chini ya kitanda cha mtu miaka yote.

Nikakumbuka kwetu, Kiongoroni.

Mimi ni wa huko deltani kwa Rufiji, mkishuka kwa boti mpaka mnasikia chumvi kwenye midomo. Huko aliyenishika mkono ni Mzee Ngwele, Mungu amrehemu, mjenzi ambaye hakumiliki futi kamba maisha yake yote. Alipima kwa mkono wake, na wateja wenye vyumba vikubwa alikuwa akiwaambia wamshukuru mama yake kwa kumzaa mrefu. Ndiye aliyenionyesha boriti za mkandaa, mti wa mikoko ambao mchwa akiuonja anatafuta kazi nyingine. Usiuchanganye na mchu, mkoko mwingine. Mchu ni mzuri kwa kuni na kwa kudanganya wageni.

Na ndiye aliyenifundisha chokaa. Siyo ya mfuko, hii ya kuchoma mawe ya pwani na makombe ya baharini juu ya magogo, kisha unaizima kwa maji, inachemka kama inalaani, halafu unaifukia shimoni na maji yake na kuisahau. Mimi kijana nisiyesubiri niliichota kabla ya wakati, nikapiga lipu ukuta wa jirani. Ukameta, nikatembea kifua mbele. Baada ya siku chache vile vipande ambavyo havijaiva vikaanza kupasuka, ukuta mzima ukatoka vipele. Mzee Ngwele akaja, akauangalia, akauwekea kiganja kama anapima homa.

"Ukuta wako una surua," akasema. "Mpe pole mwenye nyumba, halafu ubandue wote."

Niliubandua. Njiani kurudi akaniambia chokaa ni kama mkwe, ukiiharakisha itakuaibisha mbele za watu, ukiiheshimu itakuzika.

Basi nilirudi Kiongoroni nikiwa na mvi, Somoe nyuma yangu na ndoo. Boriti nilipata kwa kibali cha misitu, maana siku hizi mikoko haikatwi hovyo, na sawa, tuliikata kama tunaikomoa. Chokaa ndiyo ilikuwa shida. Tanuri la chokaa hakuna tena, hakuna anayelichoma, na magogo yake ni yale yale yaliyokatazwa. Lakini mtoto wa Mzee Ngwele akanipeleka nyuma ya nyumba yao, akafukua makuti na mchanga. Shimo la babake. Ile chokaa aliyoizika kwa ajili ya kukarabati msikiti, ikabaki. Nikatumbukiza mkono. Laini kama samli, nyeupe, baridi. Nikaitia kwenye ndoo ya bati nikamletea Somoe aliyekuwa anasubiri kwenye boti. Akafunua. Akapunga. Akapunga tena. Kisha akafanya kitu ambacho hajakifanya kwa kitu chochote tangu tuanze. Aliingiza uso wote.

"Inanuka mvua," akasema.

Tulichota yote. Mtoto wa Ngwele akasema, "Mzee angefurahi." Nami nilijua ninaangalia shimo ambalo halitajazwa tena.

Nikajenga. Boriti, fito, udongo na mawe, lipu ya chokaa na mchanga wa mto uliooshwa, na juu yake chokaa tupu iliyozimuliwa, hakuna rangi. Kuta niliziinua na kuacha uwazi chini ya bati, nikaweka wavu, hewa ipite kwa kuwa siling hakuna. Watu wakipita wanasema, "Fundi mzima anamjengea binti yake nyumba ya udongo." Wengine walidhani nimefilisika, wengine kwamba uzee umeanza kunila. Niliwajibu vibaya. Sijutii.

Siku ya kuingia nilimwomba ustadhi dua isomwe bila ubani. Nilijiandaa kwa ugomvi. Ustadhi akasema, "Dua haipandi kwa moshi, Fundi," akasoma, tukala wali wetu, basi. Wageni walipoondoka Somoe alitandika mkeka katikati ya chumba kitupu, mchana ule ule, akalala. Nilikaa barazani nikamsikiliza. Kile kifirimbi cha kifua chake hakikuwepo. Nimejenga nyumba nyingi, nimepewa sifa nyingi, lakini sijawahi kukaa barazani kwa mtu kusikiliza usingizi.

Alipoamka akasema, "Baba, hainuki kitu."

Ningekufa mwezi ule ningekufa fundi.

Sasa nisikilizeni. Mnaijua desturi yetu. Idi ikikaribia, nyumba hupakwa. Hata asiye na kitu anatafuta ndoo ya chokaa, maana wageni watakuja kupeana mikono, wataketi, wataegemea. Nyumba isiyopakwa siku ya Idi ni aibu ya mwanamume mwenye nyumba na dada zake. Na chokaa tupu ina ila moja, naisema mwenyewe kabla hamjanisemea. Inatoka. Ukiegemea, mgongo unakuwa mweupe.

Mwezi wa mfungo yule shangazi yake wa Nyamwage alifariki. Somoe na mimi tukaenda msibani, tukakaa huko. Huku nyuma wifi yake, Mwajuma, dada yake Shabani, akaona huzuni iliyompata wifi yake, akaona na ukuta unaochafua kanga za watu, akakusanya wenzake. Wakachanga. Wakanunua rangi ya mafuta, ya kung'aa, ambayo uchafu wake unafutika kwa kitambaa. Wakapaka ndani yote, vyumba vyote. Shabani alikuwa deltani kununua samaki, ufunguo amemwachia dada yake. Mwajuma alijua kwamba Somoe hawezi harufu ya rangi mbichi, na alilifikiria hilo, sikilizeni vizuri. Ndiyo maana walipaka mapema. Alipiga hesabu kwamba tutakaporudi itakuwa imekauka.

Kwenye ukuta wa saruji iliyoiva ingekauka. Lakini chokaa ya shimoni, ikiwa haijamaliza kukomaa ukutani, inapigana na mafuta ya rangi. Inayala, inayageuza kitu kama sabuni. Rangi inabaki inanata, haikauki, na inatoa harufu wiki nenda wiki rudi. Hilo kila fundi rangi wa zamani alilijua. Mwajuma ni mshona nguo. Angelijulia wapi?

Tulifika alasiri. Wamesimama barazani, wamevaa sare, vigelegele. Mwajuma akafungua mlango kwa mikono miwili. "Karibu wifi, karibu kwako. Umelia vya kutosha."

Mimi niliisikia harufu tangu njiani. Nikamshika Somoe mkono. Akautoa taratibu.

"Usiingie," nikamwambia.

"Baba, wananitazama."

Akajifunika mtandio puani, akaingia. Nilimsikia akipita chumba kwa chumba, akisema, "Asanteni. Asanteni jamani. Imependeza." Chumba cha mwisho nikasikia kikohozi tu. Akatoka na miguu yake mpaka kwenye ngazi ya baraza, akamkumbatia Mwajuma, na mikononi mwa Mwajuma ndimo alimoanguka.

Alipona, alhamdulillah, baada ya kulazwa. Nyumba haikupona.

Nimefungua madirisha kila asubuhi. Nimeweka makaa, nimeweka vitunguu vilivyokatwa kama watu wanavyosema, havifanyi kitu, msijisumbue. Nimekwangua kwa mkono. Rangi inatoka kama ngozi ya kidonda, na chokaa inatoka nayo. Mwajuma alikuja kila siku kukwangua nami, mpaka kucha zimemwisha. Siku moja akasema, "Baba, nitukane basi." Nilitaka sana. Nikamwambia akwangue kuanzia chini. Tulipofika kwenye udongo, udongo nao ulikuwa umeshakunywa ile harufu. Masika yakaingia, unyevu ukaiamsha upya.

Mtaniambia, paka lipu mpya. Kwa chokaa gani? Shimo la Ngwele ni tupu. Ile ya mfuko niliijaribu kwenye ndoo, sijui wanachanganya na nini, ilimtoa machozi. Mtaniambia, bomoa ujenge upya. Kwa goti gani? Mafundi wa kujenga hivi ninaowajua wako makaburini, na nyie, mtaniwia radhi, hamna hamu. Nilimwita mmoja wenu nimwonyeshe. Akaangalia boriti akauliza kama sioni haya kumweka mwanangu kwenye nyumba ya hivyo.

Shabani analala pale peke yake, kuitunza. Somoe yuko Ngorongo, kwenye shamba letu la bondeni, juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu tunacholindia mpunga. Makuti juu, fito chini, ukuta hakuna. Humo anapumua. Ndege, nyani na viboko ndio majirani zake. Shabani anakwenda Ijumaa kwa Ijumaa. Mto ukijaa sijui itakuwaje, na mto utajaa. Mwanamke mwenye mume na nyumba anaishi kama mfukuza nguruwe shambani, na baba yake ni fundi.

Mnaponiuliza ni vitu gani vinafaa kwa nyumba ya mtu wa namna hii, nimewaambia vyote humu. Mbao kuukuu, bati lililooshwa, nta, chokaa iliyosubiriwa, hewa. Chukueni. Namna ya kuilinda hiyo nyumba watu wanaompenda wakishapewa ufunguo, hiyo siijui.

Nilikuwa namwendea Somoe na ile ndoo. Nabandua donge la ukuta, naliweka ndani, nafunika, nakaa nayo mapajani kwenye pikipiki mpaka bondeni. Jua la njiani linafanya kazi yake. Anashuka ngazi ya dungu, anafunua kidogo, anapunga kwa kiganja. "Bado, baba." Safari nyingine, "Bado."

Juzi nimefika, akaipokea ndoo, akaiweka chini bila kuifunua. Akanimiminia chai. Tukanywa tukiangalia mpunga. Nikamwambia, "Hujanusa."

"Safari ijayo njoo tu, baba," akasema. "Usibebe kitu."

Nikalimwaga donge shambani. Ndoo nimemwachia, anachotea maji.